Je, wajua kwa nini rola kosta ya mbao huyumba, na kwa nini fundi hataki iache?

Simama chini ya rola kosta kuukuu ya mbao treni ikipita juu. Jengo zima linayumba. Nguzo zinainama upande, mbao zinalia, kisha kila kitu kinarudi mahali pake. Sisi tuliozoea bembea za chuma za maonyesho ya kilimo ya Nakuru na Kisumu tungesema mara moja: hili limeoza, mafundi walikaze kabla halijaua mtu. Fikra hiyo imeenea sana, nayo ni kosa. Mbao zinazoyumba sawasawa ziko kazini. Anayezikaza zisisogee kabisa ndiye anayezivunja.

Rola kosta yenyewe ni treni ya burudani isiyo na injini. Mnyororo au kebo huivuta hadi kilele cha kwanza, kisha huachiliwa iteremke na kupanda kwa uzito wake tu. Ya Mmarekani LaMarcus Thompson ilianza Coney Island, ufuoni mwa New York, mwaka 1884. Rola kosta iitwayo Leap-the-Dips, ya Pennsylvania, Marekani, ni ya 1902. Ilifungwa 1985, ikafufuliwa 1999. Scenic Railway ya bustani ya Dreamland, mjini Margate kando ya bahari kusini mashariki mwa Uingereza, ilifunguliwa 1920. Aprili 2008 moto uliteketeza karibu robo yake pamoja na treni zake, nayo ikarudi kubeba watu Oktoba 2015 baada ya ukarabati mkubwa.

Kabla ya kuyumba, kuna jambo moja linalochanganya wengi. Rola kosta huitwa ya mbao kwa sababu ya reli, si kwa sababu ya nguzo. Cyclone ya Coney Island, ya mwaka 1927, imesimama juu ya fremu ya chuma, lakini hakuna mjuzi anayeihesabu kuwa ya chuma. Reli yake ni mbao zilizolazwa moja juu ya nyingine, na juu kabisa umepigiliwa ukanda wa chuma ambao magurudumu hupita juu yake. Kwenye rola kosta nyingi za mtindo huo safu hizo ni saba au nane, kila ubao ukiwa na unene wa karibu milimita 38.

Mbona zisitumie boriti moja nene? Tazama springi za nyuma za lori linalopanda kutoka Ahero kwenda Kericho. Ni bapa nyingi nyembamba zilizofungwa pamoja. Chuma kimoja chenye unene huo wote kingekataa kupinda, na siku ya kupinda kingekatika. Mbao nazo ni hivyo. Ubao mwembamba hukubali kupindwa ufuate kona na bonde; wa pili hulazwa juu yake, wa tatu pia, na vikishapigiliwa misumari haviwezi tena kuteleza, kwa hiyo umbo hubaki. Maungio ya safu moja hayakai juu ya maungio ya safu nyingine, kama vile mwashi asivyopanga mishono ya matofali ifuatane.

Sasa kuyumba. Treni ikiingia konani huisukuma reli upande. Nguvu hiyo lazima izimwe mahali fulani. Mtu anayedaka embe lililorushwa kutoka juu ya mti huvuta mikono nyuma kidogo. Akiikaza kama ukuta, embe linapasuka na viganja vinauma. Fremu za mbao huvuta mikono nyuma kwa namna hiyo hiyo. Zinainama sentimita chache, msukumo unagawanywa kwenye viungo vingi, msuguano wa bolti na mbao unaumaliza, na fremu inarudi. Kiungo kimoja kikikazwa kisisogee kabisa, mzigo uliokuwa wa viungo kumi unakiangukia chenyewe, na ubao hupasuka kwenye tundu la bolti.

Swali linalofuata ndilo gumu zaidi: bolti ikazwe kiasi gani? Hapa mkulima yeyote wa Nyanza ana jibu, kwa sababu analo jembe. Januari na Februari, jua linapokausha kila kitu, mpini hulegea. Wengi huliloweka jembe kwenye ndoo usiku kucha. Asubuhi mpini umekaza barabara. Lakini baada ya siku mbili za jua unacheza kuliko ulivyokuwa mwanzo, na mtu hulaumu mti. Kilichotokea ni hiki. Mbao hunyonya maji na kutanuka kwa upana, si kwa urefu. Tundu la jembe ni chuma, halitoi nafasi. Nyuzi za mbao zikitanuka ndani yake hujibana na kusagika. Zikikauka haziwezi kurudi kwenye kipimo cha awali, kwa kuwa zimekwisha kupondwa. Kila mara unapoloweka, unaponda zaidi.

Bolti na washa, yaani kile kipande bapa cha chuma kinachokaa chini ya nati, ni tundu la jembe lile lile. Boriti mbichi yenye upana wa sentimita 20 inaweza kusinyaa milimita 5 hadi 8 ikikauka kufikia hali ya hewa ya nje, na kwa urefu isinyae kidogo mno. Fundi asiyejua huona nati imelegea wakati wa ukavu, huleta spana ndefu, hukaza kwa nguvu zake zote. Mvua zinakuja, ubao unatanuka, washa inazama ndani ya mbao. Ukavu ukirudi, kiungo kina pengo ambalo hapo awali halikuwepo. Baada ya miaka michache ya bidii ya namna hii rola kosta huyumba kweli kwa ubovu, na ubovu huo umeletwa na spana. Mjuzi hutumia washa pana zinazosambaza mkandamizo, hukaza hadi washa ikae bapa bila kuuma ubao, na mbao mpya huzirudia baada ya wiki kadhaa zinapoendelea kukauka. Wanaounda mashua pale Dunga, ufuo wa Kisumu kwenye Ziwa Viktoria, wanaijua tabia hii kwa upande wa pili: mashua iliyokaa nchi kavu muda mrefu huvuja siku ya kwanza majini, kisha mbao hutanuka na mianya hujiziba.

Basi mtu atatofautishaje kuyumba kwema na kubaya? Kwema ni kwa pamoja na kimyakimya kiasi: fremu huenda, hurudi, husimama palepale. Kubaya kuna kishindo. Sikiliza mgongano wa mbao juu ya mbao. Tazama unga mwekundu wa kutu kuzunguka nati, dalili kwamba bolti inasugua ndani ya tundu. Angalia mianya kati ya safu za reli, hasa kwenye mabonde, kwa sababu pale ndipo treni hukandamiza kwa nguvu inayozidi uzito wake mara kadhaa na misumari huanza kung'oka. Gonga kwa nyundo: ubao mzima hutoa mlio mkali, uliooza hutoa sauti butu. Penye shaka choma kwa bisibisi. Ikizama bila kulazimishwa, ubao huo umekwisha.

Kuoza huanzia pasipoonekana. Kuvu wa mbao huhitaji unyevu wa zaidi ya asilimia 20 hivi, na unyevu huo hujificha chini ya ukanda wa chuma, kwenye maungio, na kwenye ncha za mbao zinazonyonya maji kama mirija. Kando ya bahari kuna adui wa ziada ambaye ziwa letu halina: chumvi. Hula misumari, kutu huvimba, ubao hupasuka kutoka ndani. Ndiyo maana vifungio vya huko hupakwa zinki au huwa vya chuma kisichoshika kutu.

Ukarabati hufanywa kipande kwa kipande. Fremu moja hutegemezwa kwa jeki, hubadilishwa, huchukua tena mzigo, ndipo ya pili iguswe; ukizifungua kadhaa kwa pamoja, umbo la reli linapotea na hakuna mchoro utakaolirudisha sawasawa. Ukanda wa chuma hung'olewa, safu zilizooza hutolewa kuanzia juu, na upana kati ya reli mbili hupimwa upya kila hatua. Mbao mpya hutiwa dawa kwa shinikizo, kama nguzo za stima zinazotibiwa Eldoret. Kosa la kawaida huja baadaye, kwenye msumeno. Dawa huingia sehemu ya nje ya mti na haifiki vizuri kwenye kiini, kwa hiyo kila ncha inayokatwa upya na kila tundu linalotobolewa lazima lipakwe dawa tena. Anayesimamisha uzio afuate hilo pia: ncha iliyokatwa ielekee juu, isizikwe.

Hakuna kipimo kimoja cha kuyumba kinachofaa rola kosta zote. Kila moja huhesabiwa na mhandisi kwa kimo chake, treni yake na upepo wa mahali pake, na kuna siku jibu halali ni kuongeza mihimili ya mshazari. Tena joto hubadilisha mambo ndani ya siku moja. Asubuhi ya baridi grisi ni nzito na treni huenda polepole. Alasiri imelainika na treni hukimbia. Scenic Railway ya Margate haikuwa na magurudumu ya chini ya kuzuia treni isinyanyuke, kwa hiyo mtu wa breki alisafiri humo ndani pamoja na abiria, akivuta wenzo wake kidogo asubuhi na zaidi jua likishawaka.