Je, wajua? Sukari inaweza kushuka, ganzi ya miguu ikabaki palepale

Chukua mtu wa Dodoma mwenye kisukari aina ya pili. Amepunguza ugali, ameachana na soda na chapati za asubuhi, na kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu kimeshuka kutoka asilimia 9 hadi 6.8. Kliniki wamempongeza, nyumbani wamefurahi. Lakini nyayo bado zina ganzi. Usiku zinawaka moto, na mchana kandambili inamvuka, anatembea hatua kadhaa bila habari. Kwa nini, kama sukari imekaa sawa?

Jibu linalotolewa upesi ni kwamba sukari ya miaka iliyopita ilishaharibu mishipa ya fahamu, na mara nyingi ndivyo ilivyo. Ila kuna mhusika mwingine asiyetajwa sana kwenye mabenchi ya kliniki: upungufu wa vitamini B12. Dalili zake miguuni zinafanana na za kisukari kiasi kwamba kwa macho huwezi kuzitofautisha. Na upungufu huo unaweza kuchangiwa na kidonge kilekile kinachoishusha sukari, yaani metformini.

B12 haiingii mwilini kirahisi. Ukila maini, asidi ya tumbo huitoa kwanza kwenye protini ya nyama. Baadaye hushikwa na protini nyingine inayotengenezwa na ukuta wa tumbo, na viwili hivyo husafiri pamoja hadi mwisho kabisa wa utumbo mwembamba. Huko kuna vipokezi vya kuivuta ndani, na vipokezi hivyo haviishiki bila kalsiamu. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba metformini huvuruga hatua hiyo ya kalsiamu, na sehemu ya B12 uliyokula inaishia chooni. Watafiti wa Uholanzi walitoa matokeo yao mwaka 2010 baada ya kufuatilia wagonjwa 390 wa kisukari waliokuwa kwenye insulini. Waliopewa metformini kwa zaidi ya miaka 4 walikuwa na B12 iliyoshuka kwa asilimia 19 kuliko waliopewa kidonge kisicho na dawa. Juni 2022, mamlaka ya dawa ya Uingereza ikawaandikia wataalamu wake kwamba upungufu wa B12 ni athari ya kawaida ya metformini, na unaweza kumpata hadi mtu 1 kati ya 10.

Mbona basi watu hawaugui mwezi wa kwanza tu? Kwa sababu mwili una akiba. Mtu mzima huhifadhi miligramu 2 hadi 5 za B12, nyingi zikiwa kwenye ini, na mahitaji ya siku ni mikrogramu 2.4 tu. Akiba hiyo inaweza kumvusha miaka kadhaa, kwa hiyo shida huibuka wakati mgonjwa ameshazoea dawa na hakuna tena anayeitilia shaka. Walio hatarini zaidi ni waliotumia kwa miaka mingi, wanaomeza dozi kubwa, wazee, na wale wanaochanganya metformini na omeprazoli. Hao wa mwisho ni wengi kuliko tunavyodhani. Mtu akisikia kiungulia anapita duka la dawa, ananunua omeprazoli, anaendelea nayo miezi na miezi. Omeprazoli hupunguza asidi ya tumbo, na bila asidi ya kutosha ile hatua ya kwanza kabisa inakwama.

Tugeukie sahani, maana ndiyo inayolaumiwa haraka. Siku hizi kila anayegunduliwa na kisukari anaambiwa na jirani aache wanga. Ushauri wenyewe una msingi. Mwaka 2019 Chama cha Kisukari cha Marekani kilisema kwamba kati ya mipango yote ya ulaji, kupunguza wanga ndiko kwenye ushahidi mwingi zaidi wa kuishusha sukari. Hesabu yake ni nyepesi. Gramu 100 za unga wa mahindi zina wanga karibu gramu 75. Robo kilo ya unga, ambayo mtu anayelima anaimaliza kwa mlo mmoja bila kushtuka, ina wanga zaidi ya gramu 180, wakati ulaji wa wanga kidogo kwa kawaida huhesabiwa kuwa chini ya gramu 130 kwa siku nzima.

Hapa nitawaudhi baadhi ya watu: ugali wa uwele na wa mtama nao ni wanga. Unga wake una gramu 70 hivi katika kila 100. Imani kwamba mgonjwa wa kisukari ale dona au mtama bila kipimo kwa kuwa "hauna sukari" imewaponza wengi. Nyuzinyuzi zake husaidia sukari isipande kwa kasi, na nafaka isiyokobolewa ina vitamini B1, magneziamu na chuma zaidi, lakini tonge ni tonge.

Je, ukiacha ugali unapoteza vitamini? Inategemea ugali upi na umeweka nini mahali pake. Sembe iliyokobolewa na kung'aa imeshapoteza kiini na pumba, na humo ndimo ilimokuwa sehemu kubwa ya B1. Ukiipunguza unapunguza wanga, vitamini chache mno. Isipokuwa kitu kimoja: kanuni za Tanzania za mwaka 2011 zinataka unga wa viwandani, wa mahindi na wa ngano, uongezwe virutubishi, vikiwemo chuma, zinki, asidi ya foliki na B12. Anayenunua unga wa pakiti wenye alama hiyo alikuwa anapata foliki bila kujua, na akiuacha inabidi aitafute kwingine. Anayesaga mashineni mtaani, kwa mahindi ya Kibaigwa au ya shambani kwake, kwa kawaida hakuwa akiipata.

Upande wa B12 picha inageuka kabisa. Vitamini hii haimo kwenye nafaka, maharage, matunda wala mboga, labda iwe imeongezwa kiwandani. Imo kwenye vitu vya wanyama: maini, nyama, samaki, dagaa, mayai, maziwa. Kwa hiyo mtu aliyeacha ugali na kuhamia kwenye nyama, mayai na mtindi amejiongezea B12. Aliye pabaya ni bibi wa kijijini aliyeambiwa apunguze ugali naye akautii ushauri, lakini kilichobaki kwenye sahani ni mlenda peke yake, huku akimeza metformini mara mbili kwa siku mwaka wa saba huu. Wanga umepungua kweli, ila njaa inamuuma na B12 haitoki popote. Kwa maoni yangu, kumwambia mtu apunguze wanga bila kumwambia aongeze nini, na bila kuuliza nyumbani kuna pesa ya nini, ni ushauri nusu. Kwa wengi wetu jibu la bei nafuu ni dagaa. Kiganja cha dagaa kavu kila siku, au glasi mbili za maziwa na yai, kinatosha au kinakaribia kutosha mahitaji ya siku. Maini ya ng'ombe yana B12 nyingi mno, na hata kipande kidogo kina zaidi ya mahitaji ya siku.

Kuna na kosa la upande wa pili. Ukienda mnada wa Msalato Jumamosi utawaona mabwana "walioacha wanga" wamezunguka sinia la nyama choma, kachumbari ni vijiko viwili vya kupambia. B12 wanayo. Foliki, vitamini C, magneziamu na nyuzinyuzi ndivyo vinavyopungua, na choo kigumu ndiyo ripoti ya kwanza kufika. Foliki ipo tele kwenye mchicha, majani ya kunde, choroko na njugu mawe. Mikunde ina wanga, sikatai, ila sehemu yake ni nyuzinyuzi na sukari yake hupanda taratibu kuliko ya ugali, kwa hiyo bakuli dogo halivunji mpango wa wengi. Vitamini C haihitaji juisi. Pera moja la wastani linazidi mahitaji ya siku, na wanga wake ni mdogo. Ubuyu nao una vitamini C nyingi, ila ule wa rangi uliochovywa kwenye sukari ni pipi, na juisi ya ubuyu ya mtaani mara nyingi imebeba sukari nyingi. Zabibu za Dodoma, pamoja na fahari yetu yote juu yake, ni sukari zaidi kuliko vitamini: gramu 16 hivi za sukari katika kila gramu 100. Onja, usikae na kichala kizima.

Ngoja nikae kidogo na mlenda, maana kwetu huo ndio mboga. Simama jikoni maji yakianza kuchemka. Mpishi anatia magadi kwanza, maji yanatoa povu, ndipo majani yanaingia na kugeuka kijani kikali, na mwiko ukiinuliwa mlenda unavutika. Ule utelezi ni rafiki wa mwenye kisukari, kwa sababu nyuzinyuzi zinazoteleza huchelewesha sukari kuingia kwenye damu. Tatizo ni magadi. Vitamini B1 na C huharibika kwa urahisi kwenye maji ya magadi, na magadi yenyewe ni sodiamu, jambo baya kwa mwenye presha, na kisukari na presha hutembea pamoja. Punguza hadi chembe ya kulainisha tu, au acha kabisa na upike muda mfupi. B1 ina uzito wa pekee hapa kwa kuwa wenye kisukari huipoteza zaidi kwenye mkojo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Warwick, Uingereza, waliripoti mwaka 2007 kwamba kiwango chake kwenye majimaji ya damu ya wagonjwa waliowapima kilikuwa chini kwa karibu robo tatu kuliko cha watu wasio na kisukari. Mboga zilizokaushwa kwa ajili ya kiangazi nazo zikaushwe kivulini. Jua kali huteketeza vitamini C na sehemu kubwa ya ile rangi inayogeuka vitamini A. Ukiziunga kwa karanga, mafuta yake husaidia vitamini A kufyonzwa, mradi karanga zisiwe na ukungu. Wakazi wa Dodoma na Manyara hawajasahau watu waliokufa kwa sumukuvu mwaka 2016.

Vitamini D nitaipita haraka. Inauzwa sana kama kinga ya kisukari, lakini jaribio kubwa la Marekani lililochapishwa 2019, lenye watu zaidi ya 2,400 waliokuwa wakikaribia kisukari, halikuonyesha kwamba vidonge vyake vinawapunguzia kwa uhakika hatari ya kuugua. Jua la Dodoma lipo, litumie.

Hatari kubwa zaidi ipo kwenye duka la dawa. Mwenye ganzi anauziwa vidonge vya mchanganyiko wa B1, B6 na B12, anavimeza mwaka mzima. Vingi vya aina hiyo hubeba miligramu 100 au 200 za B6 kwa kidonge, wakati mwili unahitaji chini ya 2 kwa siku. Na B6 ikizidi kwa muda mrefu, yenyewe huharibu mishipa ya fahamu na kuleta ganzi. Mtu anakunywa dawa ya ganzi inayomletea ganzi! Foliki ya vidonge peke yake nayo ina mtego: inaweza kuondoa upungufu wa damu unaoletwa na ukosefu wa B12, vipimo vya damu vikaonekana vizuri, huku mishipa ikiendelea kuharibika kimyakimya.

Hakuna sababu ya kuitupa metformini. Inasaidia, ni nafuu, na tatizo lake hili linatibika. Pia usipunguze wanga ghafla bila kumwambia daktari kama unatumia insulini au glibenklamidi, kidonge kingine cha kushusha sukari, kwa kuwa dozi iliyopangwa kwa ajili ya sahani ya ugali inaweza kukuangusha chini kwa sukari kushuka kupita kiasi. Anayetumia metformini peke yake hatari hiyo kwake ni ndogo.

Kliniki, omba wakuangalie nyayo. Muuguzi atakuambia ufumbe macho, kisha atagusa unyayo kwa uzi mgumu wa nailoni na kuusukuma hadi upinde, nawe unasema "sasa" kila unapousikia. Mwingine ataweka kwenye kidole gumba kile chuma cha ncha mbili kinachogongwa kikatetemeka. Ukosefu wa B12 mara nyingi huanza kwa kuiba uwezo wa kuhisi mtetemo huo. Vyote viwili vinaonyesha kwamba mishipa imeguswa, bila kusema na nani, kwa hiyo inabidi damu ipimwe B12. Chini ya pikogramu 200 kwa mililita kwa kawaida huhesabiwa upungufu, na kati ya 200 na 300 ni eneo la mashaka linalohitaji kufuatiliwa. Mwambie daktari umetumia metformini miaka mingapi na kwa dozi gani. Upungufu wa B12 unaweza pia kukipandisha kwa uongo kile kipimo cha miezi mitatu, kwa sababu chembe nyekundu hukaa muda mrefu zaidi kwenye damu na kukusanya sukari zaidi.

Tiba ni sindano za B12, au vidonge vya mikrogramu 1,000 kwa siku. Dozi inaonekana kubwa kwa makusudi: karibu asilimia 1 ya B12 hupenya ukuta wa utumbo yenyewe, bila kuhitaji vile vipokezi. Damu hujirekebisha ndani ya wiki chache. Mishipa ya fahamu huchukua miezi, na iliyokaa bila B12 kwa muda mrefu huenda isirudi yote.