Jengo limegazetiwa, kwa hiyo liachwe lioze?

Kauli hiyo nimeisikia tena juzi, kutoka kwa mwenye jengo aliyenipitisha chini ya dari inayovuja. "Injinia, hili limegazetiwa. Hata msumari sina ruhusa ya kugonga." Mimi si injinia, na alichosema si kweli.

Jengo likigazetiwa, yaani likitangazwa turathi kwenye Gazeti Rasmi, haligeuki kaburi. Bado lina mwenyewe: anaweza kuliuza, kulipangisha au kulifanya mkahawa. Sheria ya Kenya ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006 inamkataza kulibomoa au kulibadilisha bila kibali. Kibali kinachelewa, nakubali, na mimi mwenyewe kimenitoa jasho. Lakini kusubiri kibali ni jambo moja na kukaa mikono mfukoni ni jingine. Mfereji wa paa ulioziba majani hauhitaji sheria yoyote ila ngazi na mtu asiyeogopa juu. Kila mteja namwambia: kabla hujaniita, panda ukaangalie mifereji.

Anayebisha namtuma Kenyatta Avenue, Nairobi, kwenye kona ya Loita Street. Kipande House ni jengo la mawe la mwaka 1913, kazi ya Gurdit Singh, nalo ni turathi iliyotangazwa. Ndani yake watu wanapanga foleni kuweka pesa. Limekuwa ghala la reli, likawa ofisi ya kutoa vipande, vitambulisho vya lazima vya wanaume Waafrika enzi za ukoloni, na tangu miaka ya 1970 ni benki. Kazi moja ilipokwisha nyingine iliingia, na paa likaendelea kuzibwa kwa sababu chini yake palikuwa na mtu asiyetaka kulowa. Jengo tupu halina mtu huyo.

Akaivu ya Taifa, iliyoko Moi Avenue, imepita njia hiyo hiyo kinyumenyume. Ilianza kama benki, leo inatunza nyaraka za taifa. Hilo halinishangazi. Ukumbi wa benki ya zamani ni mali: mpana, dari iko juu, kuta nene, na hakuna vijichumba vya kubomoa. Ghorofa ya chini sasa imejaa vitu alivyokusanya Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais: vinyago, nguo, vito, hadi stempu za posta. Jaribu kuvipanga hivyo kwenye jengo la ofisi la kisasa lenye dari ya kugusa kwa mkono.

"Basi tulipige plasta ya simenti, lipate nguvu." Hapana, tafadhali. Jiwe la Nairobi ni la volkano, lina vitundu, linanyonya maji na kuyaachia. Simenti inayafungia ndani. Gonga kwa kidole ukuta uliopakwa miaka kumi iliyopita: unalia kama debe tupu. Bandua kipande uone kimeondoka na uso wa jiwe. Chokaa ni laini, inapumua, na ikichakaa unapaka nyingine. Mafundi wa Lamu na Mombasa wanajenga matumbawe kwa chokaa tangu karne nyingi, hawakungoja semina yangu.

Wapo wanaosema Kipande House ilijengwa kwa ajili ya vipande. Hesabu miaka. Jengo ni la 1913. Sheria ya kuwasajili wanaume Waafrika ilitungwa 1915, na ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Jina lilikuja na foleni ya watu waliovishwa kikopo cha chuma shingoni, si na michoro.

Na Akaivu haikuwa ya Bank of India, hata kama waongoza watalii wanaapa. Ilikuwa ya National Bank of India, benki ya Waingereza iliyozaliwa Calcutta mwaka 1863, ikahamishia makao yake London miaka mitatu baadaye, na kufungua tawi Mombasa mwaka 1896. Bank of India ni nyingine kabisa: ilianzishwa Bombay mwaka 1906 na ikafika Kenya mwaka 1953. Ile ya Akaivu iliungana na Grindlays mwaka 1958, na mwaka 1970 serikali ya Kenya ikanunua asilimia 60 ya biashara yake hapa nchini na kuipa jina jipya: Kenya Commercial Bank. Ndiyo hiyo hiyo KCB unayoikuta leo ndani ya Kipande House.