Taka za duka la vyakula hupungua mzigo unaposhushwa

Kazi yangu ni kuwashauri wenye maduka ya vyakula hapa Tanga kuhusu taka zao, maduka ya Ngamiani na supamaketi ndogo za mjini. Karibu kila anayeniita huuliza kwanza nani atakuja kuchukua maboksi na chupa. Hilo nalo lina majibu. Ila mimi, kabla sijafunua pipa, naomba nionyeshwe mahali mzigo unaposhushwa, kwa sababu sehemu kubwa ya kinachotupwa jioni kilishaharibika asubuhi kikiwa mlangoni.

Chukua nyanya. Zinateremka kutoka Lushoto zimebanana kwenye matenga, na kona zote zile za mlimani. Za chini zinafika zimepasuka, maji yake yanalowesha nyingine, na tenga likiachwa hivyo hadi kesho, hata zilizofika salama zinaoza. Tenga limwagwe na kuchambuliwa palepale, aliyeleta mzigo akiwepo. Ngumu zisubiri, zilizoiva zipangwe mbele, zilizopasuka zipelekwe kwa mama ntilie kwa bei ya chini, maana yeye anazipika mchana huohuo. Mwenye uwezo anunue kreti za plastiki zenye matundu, zinazopangwa moja juu ya nyingine bila kukandamiza kilichomo, na akubaliane na anayemletea mzigo ziwe zinarudi shamba kujazwa tena. Naamini kwa dhati kwamba kreti hizo zinaokoa chakula kingi kuliko shimo lolote la mboji nililowahi kuliona nyuma ya duka.

Halafu kuna suala la nani anakaa na nani. Ndizi zinazoiva, papai na maembe hutoa gesi ya ethilini, ile inayoharakisha kuiva. Mchicha ukiwa jirani nayo unageuka njano upesi, karoti zinaingia uchungu. Vitenganishe. Friji nayo si ya kila kitu: ndizi zikikaa kwenye baridi iliyo chini ya nyuzi 13 hivi, maganda yanakuwa meusi, na nyanya ambazo hazijaiva, zikilazwa siku kadhaa chini ya nyuzi 10, haziivi vizuri tena.

Ripoti ya mwaka 2024 ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, inakadiria kwamba mwaka 2022 zilitupwa duniani tani bilioni 1.05 za chakula majumbani, kwenye migahawa na madukani. Nyumba zilichangia asilimia 60, maduka asilimia 12. Wapo wenye maduka wanaoniambia basi wao wamesalimika. Sikubali. Anayeishi peke yake ukimlazimisha kununua kabichi zima, nusu yake itaozea kwake, na duka lina mkono wake hapo. Mtindo wetu wa kukata kabichi nusu na kupima mafuta kwa kiasi anachotaka mteja ni wa kulindwa, na inaniuma kuona maduka mapya yanauacha kwa kudhani ni ushamba.

Kinachobaki baada ya hapo, majani ya kabichi, maganda, mboga zilizonyauka, Tanga hakikosi mtu wa kukitaka. Huu ni mkoa wa maziwa. Ng'ombe wa kufungiwa bandani wapo hadi mitaani. Pipa la majani liwe peke yake, lisiguswe na nailoni wala vyuma vya kubania maboksi, na mfugaji alichukue kila siku kabla halijachacha. Viazi vilivyogeuka kijani na kuchipua visiingie humo.

Na hapa naomba msomaji asinipite haraka. Karanga na mahindi yenye ukungu huweza kuwa na sumukuvu. Ng'ombe akiila, sehemu yake hubadilika mwilini na kutokea kwenye maziwa, na kuyachemsha hakuiondoi. Maana yake gunia la karanga ulilompa mfugaji kwa nia njema linaweza kurudi dukani kwako likiwa ndani ya maziwa, ukamuuzia mzazi wa mtoto mdogo. Nafaka yenye ukungu haipewi ng'ombe, haipewi kuku, haichanganywi na nzima ili ipotee humo. Inatengwa, na bwana afya anaulizwa namna ya kuiteketeza. Hili silipunguzii kitu kwa mwenye duka yeyote.

Vitu vikavu ni rahisi zaidi, mradi vibaki vikavu. Boksi lililolowa halina mnunuzi, na hewa yetu ya pwani pamoja na mvua za masika hazisaidii, kwa hiyo maboksi yakunjwe na kuinuliwa juu ya mbao, ndani. Mazima wapewe wateja wabebee vitu. Risiti za mashine ya EFD zisichanganywe na karatasi nyingine, kwa kuwa karatasi yake imepakwa kemikali inayoharibu mzigo wa urejelezaji. Chupa za maji zimwagwe maji yote yaliyobaki ndani kabla mwokota chupa hajapima. Madumu ya mafuta ya kula usiyakate wala kuyaponda. Yauze yalivyo, yatatumika miaka.

Kuhusu mifuko, ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na ile mbadala inatakiwa iwe na uzito usiopungua gramu 70 kwa mita ya mraba. Vifuko laini vya vifungashio kugeuzwa vya kubebea ni kukwepa sheria, na bado navikuta. Lakini hata huo mfuko mbadala kwa kawaida umetengenezwa kwa plastiki ya polipropilini, hivyo faida yake ipo pale tu mteja anapourudisha dukani mara nyingi. Nikiulizwa mimi, vikapu vya ukili vitundikwe karibu na mahali pa kulipia, bei iandikwe kwa herufi kubwa, na anayekuja na chake apunguziwe kidogo.