Kompyuta inajuaje mionzi atakayopata mfanyakazi wa mafuta kabla hajagusa bomba?

Birika la chai likitumika miaka mingi kwa maji ya chumvichumvi huota ukoko mweupe ndani. Mabomba ya visima vya mafuta nayo huota ukoko, na katika Bahari ya Kaskazini, kati ya Uingereza na Norwei, ukoko huo mara nyingine hutoa mionzi.

Asili yake ni mwamba wenyewe. Urani na thori, metali zenye mionzi ya asili, hubaki humo, lakini radiamu, metali nyingine ya mionzi inayozaliwa nazo, huyeyuka kwenye maji yanayopanda pamoja na mafuta. Katika bahari hiyo kampuni za mafuta hupampu maji ya bahari chini ya ardhi ili kuyasukuma mafuta yatoke. Salfeti, kemikali iliyomo kwenye maji ya bahari, ikikutana na bariamu, metali iliyoyeyuka kwenye maji ya chini, ukoko mgumu hujengeka na kuinasa radiamu. Radiamu-226, aina mojawapo ya radiamu, huchukua miaka 1,600 kupungua nusu.

Sasa fundi ataitwa kulifungua bomba hilo. Kompyuta hupewa vipimo vyake: unene wa chuma, unene wa ukoko, kiasi cha radiamu, mahali fundi atakaposimama. Kisha, kwa hesabu tu, hurusha miali ya gama, ile inayoweza kupenya chuma, mmoja baada ya mwingine, mamilioni kwa mamilioni, na kila hatua huamua kwa bahati nasibu: umezwe na chuma, upinde njia, au upenye hadi mwilini? Mtindo huu unaitwa Monte Carlo, kwa jina la eneo la kamari huko Monako. Mwanahisabati Stanislaw Ulam aliuwaza mwaka 1946 akicheza karata peke yake baada ya ugonjwa.

Chuma cha sentimita 1 huachia zaidi ya nusu ya miali mikuu ya ukoko huo ipite moja kwa moja. Nishati ambayo miali huiacha mwilini kwa saa, ukizidisha kwa saa za kazi, ndiyo msingi wa dozi, yaani kiasi cha mionzi anachopata fundi. Hulinganishwa na kikomo cha kimataifa cha wafanyakazi: wastani wa milisiveti 20 (kizio cha dozi ya mionzi) kwa mwaka.

Linalonigusa zaidi ni vumbi. Miali ya alfa, aina isiyopenya mbali, haitoki nje ya bomba, lakini ukoko ukikwanguliwa mkavu, fundi huvuta kifuani vumbi linaloitoa, na kipimo kilichobanwa shatini hakiioni. Hapo hukokotolewa pumzi: takriban mita 1.2 za ujazo za hewa kwa saa, mara vumbi lililomo, mara saa za kazi. Ndiyo maana ukoko hulowanishwa kwanza, na mkwanguaji huvaa barakoa yenye kichujio.