Acha ugali, kunywa mawese? Yanayosemwa Kigoma kuhusu kukata wanga

Kwenye makundi ya WhatsApp hapa Kigoma unazunguka ushauri mmoja: acha ugali wa muhogo, kula samaki wa migebuka na mawese utakavyo, kitambi kitaisha na sukari itapona. Una ukweli wa kutosha kumfanya mtu ameze na uongo uliomo.

"Wiki ya kwanza tu kilo tatu za mafuta zimekwenda"

Nyingi ni maji. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa na maji kama gramu tatu. Ukikata wanga akiba inatumika, maji yanatoka kwa mkojo pamoja na chumvi. Kichwa kinauma, mwili unalegea. Mafuta hupungua taratibu baadaye, hasa kwa kuwa samaki na mayai hushibisha, mtu akajikuta anakula kidogo. Faida ipo, ila si ya miujiza. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, uliochapishwa mwaka 2018, uliwafuatilia watu 609 kwa mwaka mzima. Waliopunguza wanga walishuka wastani wa kilo 6, waliopunguza mafuta kilo 5.3. Kitakwimu hapo hakuna mshindi.

"Bila wanga ubongo utakosa chakula"

Hapana. Ini hutengeneza sukari yake, na ubongo huweza kutumia pia ketoni zinazotokana na mafuta.

"Mawese ni ya asili, hayana kikomo. Maharage ni wanga, yaache"

Watu wa Ujiji watanisamehe. Mawese mekundu yana karotini ambayo mwili huigeuza vitamini A, na sombe (kisamvu) bila mawese mimi mwenyewe siitaki. Lakini karibu nusu ya mafuta hayo ni ya aina ile inayopandisha lehemu (kolesteroli) mbaya kwenye damu, na kijiko kimoja cha chakula kina kalori kama 120. Wengi wanaokata wanga hupata nafuu upande wa trigliseridi, aina nyingine ya mafuta ya kwenye damu, huku wengine lehemu mbaya ikiwapanda, tena bila dalili yoyote. Haionekani kwenye kioo wala kwenye mzani. Hujulikana kwa kupima damu.

Kuyafukuza maharage ya Kasulu ndiko nisikokuelewa kabisa. Yana wanga, ndiyo, lakini yana nyuzinyuzi na protini, na sukari yake huingia kwenye damu polepole. Anayeyaacha pamoja na matunda asishangae choo kikiwa kigumu. Tazama sahani ya mama ntilie: ugali umefunika zaidi ya nusu, dagaa kiganja kimoja, sombe pembeni kama pambo. Unga wa muhogo ni wanga karibu mtupu, protini yake ni kiduchu, kwa hiyo hapo kweli kuna cha kupunguza. Punguza huo ugali, ongeza dagaa, maharage na sombe. Huhitaji kuufuta.

"Ukishakata wanga, sukari imepona"

Hii ndiyo inayonitisha. Kwa mwenye kisukari cha aina ya pili, kupunguza wanga hushusha sukari kweli, pengine ndani ya siku chache, na wapo ambao daktari huwapunguzia dawa au kuwaachisha. Lakini uzito ukirudi, mara nyingi sukari nayo hurudi. Na anayeendelea kumeza glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari, au kuchoma insulini kwa dozi ileile ya siku za ugali, sukari inaweza kuporomoka: jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa, hata kuzimia. Ikitokea hivyo apewe haraka kitu cha sukari kama bado anaweza kumeza. Mwenye aina ya kwanza akiacha insulini, damu hujaa asidi na anaweza kufa.

Kwa hiyo kama unatumia dawa, nenda kliniki kabla hujagusa mlo, dozi ipangwe upya, kisha upime sukari mara kwa mara wiki za mwanzo. Mjamzito, anayenyonyesha na mwenye ugonjwa wa figo wasianze mlo huu kwa kumuiga jirani.