Bangi ya tiba Marekani: jimbo likiruhusu, umesalimika?

Dhana: Jimbo likishahalalisha, yamekwisha.
Yamekwisha na polisi wa jimbo tu. California iliruhusu bangi ya tiba kwa kura ya wananchi mwaka 1996, lakini kura hiyo haikugusa sheria ya taifa ya 1970, iliyoiweka bangi daraja moja na heroini. Mwaka 2002 maofisa wa DEA, shirika la taifa la kupambana na dawa za kulevya, walifika nyumbani kwa Diane Monson, mgonjwa wa California. Askari wa kaunti walioandamana nao walikuta hajavunja sheria yoyote ya jimbo. Pande mbili zikavutana kwa saa tatu, na mwisho miche yake sita ikachukuliwa na kuteketezwa.

Dhana: Monson hakuuza wala hakuvusha mpaka wa jimbo, basi mahakamani angeshinda.
Yeye na Angel Raich, mgonjwa mwenzake wa California, walishindwa. Mwaka 2005, majaji 6 kwa 3 wa Mahakama ya Juu waliamua kuwa Bunge la taifa linaweza kukataza hata mche wa uani. Hoja yao: miche ya uani ikijumlishwa, inagusa soko la nchi nzima. Mche wa uani, soko la taifa! Lakini ndiyo hukumu.

Dhana: Siku hizi serikali ya taifa imewaachia wagonjwa.
Imefungiwa mkoba tu. Tangu Desemba 2014 Bunge huweka katika bajeti kifungu kinachoizuia Wizara ya Sheria, yenye DEA chini yake, kutumia fedha kuingilia mipango ya majimbo ya bangi ya tiba. Bajeti ikiisha, kifungu nacho huisha mpaka kipitishwe tena.

Dhana: Nina grini kadi na cheti cha daktari, niogope nini?
Hapa ndipo ndugu zetu wahamiaji wa miji kama Columbus na Minneapolis wanaponaswa. Kifungu kile cha bajeti kinaifunga Wizara ya Sheria, ilhali idara ya uhamiaji inayopokea maombi ya uraia iko chini ya wizara nyingine na hupima kwa sheria ya taifa. Mwongozo wa idara hiyo wa Aprili 2019 ulisema wazi kwamba kutumia bangi, au hata kuajiriwa katika biashara hiyo, kunaweza kumkosesha mwombaji uraia kwa kukosa "mwenendo mwema", hata kama jimbo limeruhusu. Si lazima uwe umewahi kukamatwa. Kukiri kwako mbele ya afisa kunaweza kutosha. Kwa hiyo mwone wakili wa uhamiaji kabla ya kuomba kadi ya mgonjwa au kazi katika duka la bangi.