Si Kila Dalili Ukeni Ni Zinaa: Kichocho cha Via vya Uzazi Kanda ya Ziwa

Mwanamke wa Magu au Kwimba akifika zahanati akasema anatokwa na uchafu ukeni, anawashwa na tumbo la chini linamvuta, mara nyingi hutoka na vidonge vya magonjwa ya zinaa na agizo la kumleta mwenza wake. Baada ya wiki chache yuko palepale, anapewa vidonge vingine. Safari ya tatu haendi tena zahanati. Anapitia duka la dawa, na nyumbani mume ameshaanza kuuliza ameupata wapi ugonjwa huo.

Siwalaumu watoa huduma. Kutibu zinaa kwa kufuata dalili, bila kusubiri maabara, ni utaratibu wenye heshima yake hapahapa kwetu. Mwaka 1995 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika vijijini mkoani Mwanza: vituo vya kawaida vilipoboresha tiba ya zinaa kwa njia hiyo, maambukizi mapya ya VVU yalipungua kwa karibu asilimia 40. Hilo si jambo dogo. Ila anayefuata dalili huona yale tu aliyofundishwa kuyatafuta, na akisikia uchafu ukeni, kichocho si kitu cha kwanza kumjia akilini. Wala cha pili.

Wengi tunakijua kichocho kama ugonjwa wa watoto wa kiume wanaokojoa damu baada ya kuogelea. Dada zao waliokuwa nao majini tunawasahau, kwa kuwa damu ya msichana hupewa maelezo mengine haraka.

Mambo huenda hivi. Mtu mwenye kichocho akikojoa majini, mayai huanguliwa na viluwiluwi wake huingia kwenye konokono. Baada ya wiki kadhaa konokono hutoa viluwiluwi wa aina nyingine, wengi zaidi jua likiwa kali mchana, nao hupenya ngozi ya yeyote aliyeingia majini, hata kama hana kidonda. Ndani ya mwili hukua kuwa minyoo inayoishi kwenye mishipa ya damu inayozunguka kibofu, kwa kawaida miaka 3 hadi 5. Minyoo jike hutaga kila siku. Baadhi ya mayai hutoka na mkojo, na hayo ndiyo tunayoyaona maabara, kila moja na mwiba wake mwishoni. Mengine hukwama. Kwa mwanamke hukwama kwenye kuta za uke, kwenye mlango wa kizazi, hata kwenye mirija ya uzazi, na mwili huyazingira kwa uvimbe unaoacha vidonda na makovu.

Dalili zake ndizo zile zinazomchanganya kila mtu: uchafu usiokoma, kuwashwa, maumivu wakati wa tendo la ndoa, damu baada ya tendo, damu katikati ya mwezi. Makovu kwenye mirija yanaweza kuleta ugumba au mimba kutunga nje ya kizazi. Vidonda hivyo pia huenda vikarahisisha VVU kupenya. Baadhi ya tafiti zilizofanywa huku Kanda ya Ziwa zimeona wanawake wenye kichocho wakiwa na VVU kwa kiwango cha juu zaidi kuliko wenzao. Hilo peke yake halithibitishi kwamba kimoja kimeleta kingine, lakini linatosha kutufanya tusikidharau. Kwa Afrika nzima kusini mwa Sahara, makadirio yanayotajwa sana ni kwamba wanawake na wasichana hadi milioni 56 wanaishi na kichocho cha via vya uzazi.

Kichocho hakiambukizwi kwa kujamiiana. Mke hamwambukizi mume, mume hamwambukizi mke. Wakikutwa nacho wote wawili, wamekipata majini, kila mmoja kwa nafasi yake, na huenda ni lambo lilelile. Mwanamume naye anaweza kuona damu kwenye shahawa. Asikimbilie kumtuhumu mtu.

Sasa maji gani? Hapa hata watu wa afya huchanganya. Mtu wa Ukerewe, Kome au mialo ya Sengerema anayevua na kuogea ziwani yumo zaidi katika hatari ya kichocho cha tumbo, kile kinachoharibu ini na kuleta damu kwenye choo. Konokono wanaokaa kandokando ya ziwa wanabeba zaidi aina hiyo. Kichocho cha mkojo, ambacho ndicho chanzo kikuu cha madhara ya uzazi, kiko zaidi huku ndani, mbali na ziwa, kwenye malambo, madimbwi ya mvua na majaruba ya mpunga: Kwimba, Misungwi, Magu, hadi Simiyu na Shinyanga. Konokono wake, wa jamii ya Bulinus, anastahimili kiangazi kwa kujizika kwenye tope. Lambo likikauka watu husema ugonjwa umekwisha. Mvua zikirudi, konokono wanarudi nazo. Kwa hiyo mama wa mjini Mwanza aliyekulia Kwimba akipandikiza mpunga anaweza kuwa na mayai mwilini miaka mingi baada ya kuhamia Nyamanoro au Igoma. Swali la mtoa huduma lisiishie kwenye anakoishi sasa. Amekulia wapi, na alikuwa akichota, akifua na kuoga maji gani?

Kipimo cha mkojo husaidia, na mkojo mzuri kwa kazi hiyo ni wa kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, mayai yanapotoka kwa wingi. Mkojo wa alfajiri unaweza kutupotosha. Hata hivyo, mwanamke anaweza kuwa na mayai kwenye mlango wa kizazi na mkojo ukawa safi kabisa. Ndiyo maana historia ya maji ina uzito kuliko karatasi ya majibu, na mlango wa kizazi unahitaji kuangaliwa kwa macho. Huonekana mabaka yanayofanana na chembe za mchanga, au mishipa ya damu isiyo ya kawaida. Na kwa sababu damu baada ya tendo inaweza pia kuwa saratani ya mlango wa kizazi, asije mtu akameza dawa ya kichocho akajiona amemaliza. Wanawake wa miaka 30 hadi 50 wafanye uchunguzi wa saratani kwa siki, yaani siki hupakwa mlango wa kizazi ili dalili za awali zionekane kwa macho, hata kama hawajisikii chochote, na wenye VVU waanze mapema zaidi.

Dawa ni prazikwanteli, ileile ya kingatiba shuleni, yaani dawa inayogawiwa wote bila kupimwa kwanza, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito. Mwanamke wa kilo 60 humeza vidonge 4 vya miligramu 600 kwa siku moja, akiwa ameshakula. Kizunguzungu, kichefuchefu na tumbo kukata hutokea na hupita. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wa 2022 linapendekeza kwamba penye maambukizi mengi, dawa wapewe wote kuanzia miaka 2, wakiwemo watu wazima, wanaonyonyesha, na wajawazito waliovuka miezi mitatu ya kwanza. Kwa muda mrefu kingatiba yetu imeishia mlango wa shule. Msichana aliyeacha masomo akaolewa anaendelea kuingia jarubani kila msimu bila kidonge, na kwa maoni yangu hapo ndipo pengo kubwa lilipo, kwa kuwa ndiye anayeanza kuzaa.

Kwa mabinti wadogo jambo ni nyeti zaidi. Binti wa miaka 11 akiwa na madoa ya damu kwenye nguo ya ndani, nyumbani hofu hupanda, na huenda akapigwa kabla hajasikilizwa. Mtoa huduma amsikilize faragha, aulize kuhusu maji, na aulize pia kama kuna mtu amemfanyia ukatili, kwa sababu moja haliondoi lingine. Kifaa cha kuangalia mlango wa kizazi hakihitajiki kwake. Historia na mkojo vinatosha kumwanzishia tiba.

Kuhusu kinga, tumezoea kuhubiri watu wasiingie majini. Aliyeketi ofisini penye bomba husema hivyo kwa urahisi. Palipo na lambo moja kwa ng'ombe na binadamu, yanayowezekana ni haya: kuoga maji yaliyotekwa bila konokono na kuwekwa siku 2, muda ambao viluwiluwi hufa, au yaliyochemshwa, na kila mtu, hasa watoto, kuacha kukojoa majini. Jarubani hakuna ujanja wa kutosha. Mkulima wa mpunga apate dawa kila kingatiba inapopita.

Prazikwanteli huua minyoo iliyokomaa, si michanga, na makovu ya zamani hayafutiki yote. Dalili zikiendelea miezi michache baada ya dawa, rudi kituoni na useme waziwazi: nimeshatibiwa zinaa, nimeshameza dawa ya kichocho, naomba mlango wa kizazi uangaliwe au nipewe rufaa kwenda hospitali ya wilaya.